Piza ya Nyanya Mbichi, Bila Oveni

Msikilizaji wa Tunduma, Vwawa na Mlowo, nyanya zikishuka bei sokoni usiziache zioze. Tuoke piza.

Kanda vikombe 2 vya unga wa ngano, hamira kijiko kidogo, chumvi, mafuta na maji ya uvuguvugu. Funika mpaka uumuke.

Sasa nyanya, hapa ndipo wengi huharibu. Chagua zilizoiva lakini bado ngumu. Kata, toa mbegu, nyunyiza chumvi, ziache zichuruzike maji robo saa, la sivyo piza italowa katikati isiive. Ongeza kitunguu saumu, na jibini ukiipata.

Tandaza unga ulioumuka kwenye sufuria nzito, panga nyanya juu yake, kisha funika. Palia makaa mengi juu ya mfuniko, machache chini. Na tafadhali sana, jiko liwe nje: hewa ya sumu ya mkaa haionekani, nayo huua ndani ya chumba kilichofungwa. Kingo zikiwa kahawia, pakua.