KIPAZA SAUTI CHA BEI NAFUU: JE, KITATUFAA?

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Dodoma)



Kamati ilinipa kazi ya kukipima kipaza sauti hiki kisichotumia waya, nitoe maoni kama tukinunulie bwalo la shule. Sababu mnaijua. Katika mkutano uliopita, mwalimu wetu wa hesabu, mzee aliyepita miaka 80, alisimama kutuaga. Kipaza sauti tulichoazima kikalia mluzi, kikakatika, kikalia tena. Safu mbili za mbele walimsikia; sisi wengine tulipiga makofi kwa adabu tu. Mzee hatunaye tena. Kwa hiyo kazi hii sikuifanya kwa mzaha.

Kwanza, sauti. Nilikilinganisha na kile cha waya cha shule. Kwa hotuba tofauti ni ndogo: hiki kina ukali kidogo kwenye herufi "s". Kimetengenezwa kisikie zaidi mbele kuliko nyuma. Basi spika zikae mbele ya msemaji, naye asikishike kichwani kama waimbaji wa televisheni. Kiganja kikifunika wavu, kipaza kinaanza kusikia kila upande, na mluzi unakuja. Tena kiwe karibu na mdomo, vidole vitatu au vinne. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayokifikia inabaki robo tu. Nje, kwa upepo wetu huu wa kiangazi, kivalishwe sifongo.

Pili, mawimbi. Nilitembea nacho uwanjani nikihesabu kwa sauti. Hatua 40 kilikuwa safi. Nilipopita nyuma ya ukuta wa bwalo kikaanza kukatika. Watu nao ni ukuta, maana miili yetu imejaa maji, na maji humeza mawimbi haya. Kipokezi lazima kiwe juu, kikionana na msemaji.

Hapa sina budi kukiri. Mwaka jana kipokezi nilikiweka mimi, chini ya meza, nyuma ya masufuria ya pilau, ili meza kuu ipendeze. Betri nazo sikuzibadilisha. Tulikilaumu kifaa, nami nikanyamaza. Ndugu zangu, naomba radhi.

Tatu, masafa. Televisheni ya analojia ilianza kuzimwa nchini Desemba 31, 2012, kwa kuanzia na Dar es Salaam. Vipaza sauti vingi vya zamani vilikuwa vikitumia mapengo kati ya stesheni hizo, na sehemu ya masafa hayo sasa ni ya simu. Mtu asituletee basi cha mtumba cha megahezi 700 au 800, hata kikiwa cha bure. Kitagombana na minara. Hiki nilichopima hakimo humo, lakini kabla ya kulipa tuwaulize TCRA, wapangaji wa masafa. Na tukinunua viwili, kila kimoja kiwe na masafa yake.

Nne, ngoma. Vijana wetu wanaimba nyimbo za Kigogo kwa zeze na ilimba, vyombo ambavyo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alivifikisha kwenye majukwaa ya Ulaya. Kipaza cha mkononi ni cha mdomo mmoja. Kukipitisha mbele ya waimbaji 30 ni kuwaonea. Zeze lina sauti ndogo, nalo linataka chake, kwenye stendi. Kwa kazi hiyo vya waya vinatosha, na bei yake ni nafuu zaidi.

Maoni yangu ni haya: tukinunue, kwa hotuba na kwa mwimbaji mmoja. Lakini pamoja nacho tununue betri za kuchaji, cha waya kibaki mezani kama akiba, na wanafunzi wawili wafundishwe kukitunza. Kila shughuli kijaribiwe saa moja kabla, mtu mmoja akisimama safu ya mwisho.

Hiki ninachozungumzia ndicho hiki mkononi mwangu. Ninyi mliokaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mmenisikia tangu mwanzo, inueni mikono.

Naiona.