Chunusi za Wanafunzi na Krimu Isiyopaswa Kufika Usoni

Mada kwa semina ya siku moja ya matroni, patroni na watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu, mkoani Kilimanjaro

Barua ya mwaliko iliomba mambo matatu: krimu za hospitali, dawa za asili na chakula. Yote matatu yatajibiwa. Hata hivyo, mtoa mada ni mganga wa ngozi, na kwa miaka mingi wagonjwa vijana waliomsumbua akili si wale waliokuja na chunusi peke yake. Ni wale waliokuja na chunusi juu ya madhara ya dawa waliyouziwa kutibu chunusi. Kwa hiyo washiriki wamwie radhi: jambo la nne, ambalo barua haikulitaja, ndilo litakalokula kurasa nyingi.

Chunusi kwa kifupi

Kila mshiriki aliwahi kuwa na miaka 15, hivyo ufafanuzi hauhitaji muda. Kijana anapobalehe, homoni za androjeni huamsha tezi za mafuta za uso, kifua na mgongo. Seli zilizokufa huziba tundu la kinyweleo, mafuta hujaa nyuma yake, bakteria anayeitwa Cutibacterium acnes hustawi humo, na mwili hujibu kwa uvimbe na usaha. Basi. Hakuna damu chafu inayotafuta pa kutokea, na mwenye chunusi hana ashiki kuliko mwenzake mwenye uso laini, ingawa utani huo bado unawatoa machozi wasichana wa kidato cha pili.

Jambo moja tu lishikwe hapa. Kipele kinachoonekana leo kilianza kuziba wiki kadhaa zilizopita, kimyakimya, chini ya ngozi. Ndiyo maana hakuna dawa ya kweli ya chunusi inayosafisha uso kwa siku tatu.

Krimu za hospitali

Dawa ya kuanzia ni benzoili peroksaidi. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa nguvu ya asilimia 5. Ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa, tena haiwashi sana kama hiyo. Haijazaa usugu wa bakteria, na hiyo ni sifa kubwa siku hizi. Kasoro yake inayowagusa matroni moja kwa moja ni kwamba hutoa rangi kwenye nguo. Mwanafunzi akipaka usiku, foronya na taulo la rangi vitapata mabaka, na mara nyingine mwanafunzi huchapwa kwa kosa la dawa.

Kundi la pili ni retinoidi: tretinoini na adapalini. Hufungua matundu yaliyoziba. Hupakwa usiku, uso ukiwa mkavu, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso wote, wala si kudonoadonoa kila kipele. Wiki za mwanzo ngozi hukauka na kubabuka, na wengi huacha hapo hapo. Marekani waliruhusu adapalini ya asilimia 0.1 iuzwe bila cheti mwaka 2016; huko kijana huinunua kama anavyonunua sabuni. Msichana mwenye ujauzito asitumie kundi hili.

Antibayotiki ya kupaka, kama klindamaisini, isitumike peke yake, kwa sababu bakteria huizoea. Iandamane na benzoili peroksaidi. Chunusi nzito za mgongo na kifua huweza kuhitaji doksisaiklini ya kumeza kwa takriban miezi mitatu, ikinywewa na maji ya kutosha mgonjwa akiwa ameketi, maana kidonge kikikwama kooni huunguza. Isotretinoini ya vidonge, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1982, ni ya daktari wa ngozi tu: huharibu vibaya mtoto aliye tumboni.

Krimu hizi hupimwa kwa wiki 8 hadi 12. Miezi miwili hadi mitatu, kwa maneno mengine.

Dawa za asili

Watu wa pwani wana liwa na msio, bara kuna alovera na mwarobaini, na kila mahali kuna asali na manjano. Mtoa mada hana ugomvi na liwa. Hupoza ngozi, haidhuru wengi, na msichana anayejisugua liwa jioni hana nafasi ya kupaka kibaya zaidi. Alovera nayo hutuliza. Lakini kutuliza si kutibu. Mafuta ya mti wa chai wa Australia ndiyo yaliyopimwa vizuri: mwaka 1990 madaktari wa nchi hiyo walilinganisha mafuta hayo ya asilimia 5 na benzoili peroksaidi ya asilimia 5 kwa wagonjwa 124. Yote mawili yalipunguza chunusi. Ya mti wa chai yalichelewa, ila yaliwasha kidogo.

Ndimu na limau ziachwe jikoni. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi na jua likaichoma, ngozi huungua na kuacha mabaka meusi ya miezi. Dawa ya meno huchubua. Mafuta ya nazi na mafuta mazito ya nywele huziba matundu, hasa kwenye paji la uso, na waganga wa Marekani walikwisha eleza tangu 1970 chunusi zinazoletwa na mafuta ya nywele. Paji la uso likiwa na vipele na mashavu yakiwa safi, kwanza ulizwe mkebe wa mafuta ya kichwani.

Chakula

Karanga zimesingiziwa vya kutosha. Chokoleti nayo ilipimwa Marekani mwaka 1969 kwa watu 65, haikuonekana na hatia, ingawa jaribio lenyewe lilikosolewa baadaye. Ushahidi wenye uzito zaidi unahusu vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka. Mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwapa vijana wa kiume wenye miaka 15 hadi 25 mlo usiopandisha sukari kwa wiki 12, na vipele vyao vilipungua kuliko vya wenzao. Kabla ya hapo, mwaka 2002, ilichapishwa taarifa ya daktari aliyewakagua watu 1,200 wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, walioishi kwa viazi, matunda, samaki na nazi, asikute hata kipele kimoja cha chunusi. Urithi wa damu unaweza kuwa na sehemu yake pia. Maziwa, hasa yaliyoondolewa mafuta, yamehusishwa na chunusi katika tafiti kadhaa, lakini kuhusishwa si kuthibitishwa.

Kwa shule ya bweni inayokula ugali na maharage, ushauri wa chakula ni mfupi: soda na maandazi ya kantini yapungue, maharage na mboga zibaki. Asinyimwe mtoto karanga, na asinyimwe maziwa, kwa ajili ya uso.

Tatizo lenyewe

Sasa tufike tulikokuwa tunakwenda.

Mkasa huwa na sura moja. Mwanafunzi ana vipele kumi na kitu. Benzoili peroksaidi aliyopewa inamwasha na wiki ya pili haijaonyesha kitu. Rafiki wa kitanda cha juu anampa tyubu nyingine, imenunuliwa dukani bila swali. Siku ya tatu vipele vimelala, wekundu umekwisha na uso umeng'aa. Bweni zima linataka jina la hiyo krimu. Ndani ya tyubu mna klobetasoli, au betamethasoni, au mchanganyiko wa betamethasoni na dawa ya fangasi na antibayotiki. Zote hizo zina steroidi kali.

Steroidi haiziondoi chunusi. Hubana mishipa ya damu na kuzima uvimbe, ndipo kipele kinaponywea. Ni sawa na kumziba mdomo mtoto anayelia kwa homa. Chini yake tundu bado limeziba, na kinga iliyokuwa ikipambana na bakteria imelazwa. Baada ya wiki au miezi huja vipele vingi vya ukubwa mmoja, vilivyotapakaa hadi kidevuni na kuzunguka mdomo. Ngozi hukonda. Mishipa midogo huonekana, malaika humea usoni mwa msichana, na michirizi ikitokea haifutiki maisha yote. Mgonjwa akiacha ghafla, uso huwaka moto na kuvimba. Naye huhitimisha jambo linaloonekana la busara kabisa: bila krimu hii siponi. Anarudi dukani.

Washiriki wanaodhani kidogo hakidhuru wakumbuke vipimo vya miaka ya 1960 vilivyofanywa kwa haidrokotisoni: ngozi ya paji la uso ilifyonza dawa mara 6 kuliko ya mkono, na ya taya mara 13. Maelekezo ya klobetasoli yenyewe yanasema isizidi wiki mbili, na isipakwe usoni. Karatasi hiyo imo ndani ya boksi. Nani huifungua?

Kwa nini basi inauzwa? Jibu la haraka ni tamaa ya muuzaji, na jibu hilo halitoshi. Krimu ya tatu kwa moja, ule mchanganyiko wa steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki, humwokoa muuzaji asiyeweza kupambanua fangasi, chunusi na pumu ya ngozi: haijalishi ni nini, kimoja kati ya vitatu kitagusa. Mteja huridhika siku ya tatu. Krimu ya kweli huleta malalamiko siku ya tatu. Katika biashara ya kaunta, dawa sahihi inashindwa kabla ya kuanza.

Kuna na rangi. Chunusi kwenye ngozi nyeusi huacha madoa meusi yanayodumu miezi mingi baada ya kipele kupona, na kwa vijana wengi madoa ndiyo ugonjwa wenyewe. Hapo mlango wa mkorogo hufunguka. Steroidi hufifisha rangi. Haidrokwinoni na zebaki zilizomo katika mikorogo mingi hufifisha zaidi, na zebaki huharibu figo. Mkataba wa Minamata ulizitaka nchi wanachama ziondoe vipodozi vyenye zebaki ya zaidi ya sehemu moja kwa milioni ifikapo 2020. Msichana hakuwa na nia ya kujichubua. Alitaka doa la shavuni liondoke.

Kuhusu usimamizi, mtoa mada atasema kwa uangalifu. Hadi 2019 dawa na vipodozi vilikuwa chini ya mamlaka moja, TFDA. Mwaka huo vipodozi vilihamia Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikawa TMDA, inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Watoa dawa na maduka yao wako chini ya Baraza la Famasi. Kila taasisi ina sheria yake na inafanya kazi yake. Lakini tyubu ya klobetasoli inayouzwa katika duka la vipodozi, kati ya losheni na wigi, ni dawa iliyovaa nguo za kipodozi, na kila mkaguzi anayepita anaweza kuamini kwa nia njema kwamba ni ya mwenzake. Uratibu unahitajika. Neno hilo limesemwa kwenye semina nyingi. Linasemwa tena.

Mapendekezo

Kwa matroni na patroni. Makabati ya wanafunzi yasipekuliwe ili kuwaaibisha. Tyubu zitafichwa tu. Wafundishwe kusoma boksi: likiandikwa clobetasol, betamethasone, fluocinonide au dexamethasone, hiyo si dawa ya chunusi. Mwanafunzi aliyekwisha tumia kwa wiki nyingi asilazimishwe kuacha siku moja. Apelekwe kwa mganga apunguziwe taratibu, aelezwe mapema kwamba uso utachafuka kabla ya kutulia. Asiyeelezwa hili atarudi dukani, kama ilivyokwisha semwa.

Kwa shule. Foronya nyeupe ziruhusiwe kwa anayetumia benzoili peroksaidi. Adhabu kwa taulo lililopauka ifutwe. Kantini ipunguze soda. Utani wa ashiki ukome, na walimu wawe wa kwanza kuuacha.

Kwa watoa dawa. Waseme wiki 8 hadi 12 kabla ya kupokea pesa, si baada ya malalamiko. Wasiuze steroidi kali bila cheti. Wasiuze tatu kwa moja kwa uso wowote. Wasiuze antibayotiki ya kupaka peke yake. Madhara yakitokea, wajaze fomu ya njano ya TMDA. Fomu isiyojazwa hufanya tatizo lionekane halipo.

Kwa vituo vya afya. Kliniki ya ngozi si ya ukoma na vidonda pekee. Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992 kimesomesha waganga wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na hapo KCMC hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino. Ujuzi wa kutengeneza krimu upo hapa hapa Moshi. Benzoili peroksaidi ya bei nafuu, yenye maelezo ya Kiswahili kwenye chupa, inafaa kufikiriwa na wenye mamlaka hayo.

Kwa mamlaka za udhibiti, kwa heshima. Ukaguzi wa pamoja wa maduka ya dawa na ya vipodozi, siku moja, mtaa mmoja. Onyo la Kiswahili nje ya boksi: isipakwe usoni. Na uratibu, tena.

Kwa wazazi, ambao hawakualikwa leo lakini ndio wanaotuma pesa ya matumizi: mtoto akisema krimu imemtoa chunusi kwa siku tatu, waombe kuiona hiyo krimu.

Watoa dawa waliomo ukumbini wanaombwa waanze na rafu zao kesho asubuhi. Tyubu za clobetasol ziondolewe mbele ya kaunta, ziwekwe nyuma pamoja na dawa nyingine za cheti, na asiye na cheti aambiwe hapana hata kama duka la jirani litamwuzia.