Karatasi Isiyo na Jina la Chama
(Hotuba iliyotolewa kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



 Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya uongozi bora. Nilipoisoma niliingiwa na hofu kidogo, maana hotuba za uongozi bora wasikilizaji huwa wanajua mapema zitakavyokwisha. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumze juu ya mambo mawili tu: kosa nililolifanya mimi mwenyewe hapa shuleni, na jimbo moja la Marekani linaloitwa Nebraska. Mtaona jinsi yanavyohusiana.

Nianze na kosa. Nilipokuwa Kidato cha Tano tulifanya uchaguzi wa kiranja mkuu. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alitoka bweni letu, kijana mcheshi, hodari wa kusema. Wa pili alitoka bweni la ng'ambo ya uwanja, mtu mkimya, ambaye kila Jumamosi ndiye aliyekuwa wa kwanza shambani na wa mwisho kurudisha jembe stoo. Mimi nilikuwa mpiga debe wa mtu wetu. Nilizunguka vitandani usiku nikiwaambia wenzangu neno moja tu: "Huyu ni wa kwetu." Hakuna aliyeniuliza amefanya nini, nami sikuwa na jibu. Tulishinda, na sababu ya ushindi wetu ilikuwa moja: bweni letu lilikuwa na vitanda vingi kuliko mabweni mengine.

Muhula uliofuata, usiku mmoja, kijana wa Kidato cha Kwanza alishikwa na homa kali hata akaanza kuweweseka. Ufunguo wa chumba cha dawa ulikuwa mikononi mwa kiranja mkuu, na kiranja mkuu alikuwa mjini bila ruhusa. Yule tuliyemshinda ndiye aliyeamka, akaazima baiskeli ya mlinzi, akamfunga mgonjwa mgongoni mwake kwa shuka, akashika njia ya hospitali gizani. Mimi nilikuwa nyuma nikisukuma kwenye kilima. Kijana alipona, namshukuru Mungu. Lakini njia nzima sikuwa na la kusema, wala yeye hakuniuliza kitu.

Ndugu zangu, jambo hilo nililibeba hadi chuo kikuu, na baadaye kazini. Mwaka 2014, nilipokuwa masomoni Marekani, nilipanda basi kwenda mji wa Lincoln, makao makuu ya Nebraska. Ni nchi ya mahindi na ng'ombe, tambarare, na mwezi ule wa Februari ilikuwa imefunikwa na theluji. Makao ya serikali yao ni jengo lenye mnara wa mita zipatazo 120, na juu kabisa imesimama sanamu ya mkulima anayepanda mbegu kwa mkono. Mtu wa kwetu akiiona sanamu ile hahitaji kuelezwa maana yake.

Jengo hilo lilijengwa kati ya mwaka 1922 na 1932, nalo lina kumbi mbili za kutungia sheria, kwa sababu wakati ule jimbo lilikuwa na mabaraza mawili: wawakilishi 100 na maseneta 33. Leo sheria hutungwa katika ukumbi wa magharibi tu. Ule wa mashariki ulipoteza kazi yake miaka michache tu baada ya jengo kukamilika. Katika majimbo yote 50 ya Marekani, Nebraska peke yake ndiyo yenye Bunge la baraza moja, na ndiyo peke yake ambayo wabunge wake huchaguliwa kwa karatasi isiyoonyesha chama.

Aliyeleta jambo hili ni George Norris, seneta wa jimbo hilo katika Bunge la taifa. Mwaka 1934 Nebraska ilikuwa taabani: bei za mazao zimeanguka, ukame unaunguza mashamba. Norris alizunguka jimbo zima kwa gari akihutubia watu. Hoja zake zilikuwa mbili.

Ya kwanza ilihusu mabaraza mawili. Mbunge aliweza kuupigia kura muswada mzuri katika baraza lake ili asifiwe nyumbani, huku akijua kwamba rafiki zake wa baraza la pili watauua. Na mabaraza yalipotofautiana, watu wachache walikaa faragha kuutengeneza muswada upya, na mwananchi hakupata kujua nani alifanya nini. Kila mmoja aliweza kumnyooshea kidole mwenziwe. Norris alitaka nyumba isiyo na kichaka cha kujifichia.

Hoja ya pili ilihusu vyama. Alisema kwamba mambo ya jimbo ni barabara, shule, kodi na hospitali, na mambo hayo hayafanani na yale yanayobishaniwa na vyama katika taifa zima. Kwa nini basi mtu mwenye akili ya kujenga daraja akataliwe kwa sababu ya chama chake?

Wananchi walikubali kwa kura 286,086 dhidi ya 193,152. Bunge jipya lilikutana Januari 1937 likiwa na wabunge 43 mahali pa 133. Kikao cha mwisho cha mabaraza mawili, mwaka 1935, kilikuwa kimegharimu dola 202,593. Kikao cha kwanza cha baraza moja kiligharimu dola 103,445, na kilipitisha sheria nyingi zaidi kwa siku chache zaidi. Siku hizi wabunge ni 49, nao huitwa maseneta.

Uchaguzi wenyewe huenda hivi. Mwezi wa Mei wagombea wote wa jimbo la uchaguzi huandikwa kwenye orodha moja, majina matupu. Wawili wanaoongoza kwa kura huingia duru ya Novemba, hata kama wote wawili ni wa chama kimoja. Wakishafika bungeni, Spika na wenyeviti wa kamati huchaguliwa na wabunge wenyewe, na kwa desturi ya muda mrefu kura hiyo imekuwa ya siri. Ndiyo maana mara nyingi utamkuta mtu wa upande wenye watu wachache akiongoza kamati. Tena kila muswada lazima upate siku ya kusikilizwa hadharani, na raia yeyote anaweza kuja kusema. Siku ile nilimwona mkulima mmoja akivua kofia, akakaa mbele ya maseneta, akazungumzia kodi ya ardhi yake. Hakuna aliyemwuliza kadi.

Hapa wazee wetu watanikumbusha kwamba Tanzania nayo ilipata kuwa na uchaguzi wa watu bila mashindano ya vyama, na Bunge letu ni la baraza moja tangu Uhuru. Ni kweli. Tangu mwaka 1965, Tanzania Bara, wagombea wawili wa TANU walisimama katika jimbo moja, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba. Walipanda jukwaa moja, wakakatazwa kutumia kabila au dini. Mwaka ule wa 1965 hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa na wapiga kura wake. Marehemu baba yangu alikuwa akisimulia habari hizo kwa kicheko. Lakini tusichanganye mambo. Kwetu chama kilikuwa kimoja, na wakuu wa chama ndio walioteua wale wawili. Nebraska vyama vipo, vina nguvu, navyo humsaidia mgombea vinayemtaka. Kilichoondolewa ni jina la chama kwenye karatasi, basi. Tena si kwa viongozi wote, kwani gavana wao huchaguliwa kwa chama kama kawaida.

Je, jambo dogo kama hilo hubadili kitu? Nitatoa mfano mmoja. Alikuwapo bungeni mzee aitwaye Ernie Chambers, mtu mweusi kutoka Omaha, msomi wa sheria aliyepata kuwa kinyozi, asiye na chama chochote. Aliingia kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa mwaka 1970. Kwa miaka karibu arobaini alipeleka muswada wa kufuta adhabu ya kifo, akishindwa, akirudi. Mwaka 2015 wabunge wengi walikuwa watu wa chama cha Republican, na gavana wa chama hicho hicho, Pete Ricketts, aliipinga hoja kwa nguvu zake zote. Bunge likaupitisha. Gavana akaukataa. Ili kumshinda gavana zilihitajika kura 30. Tarehe 27 Mei zikapatikana 30 barabara, dhidi ya 19. Wengi wa waliozipiga walikuwa wa chama cha gavana. Mwaka uliofuata wananchi wenyewe, kwa kura ya maoni, waliirudisha adhabu ile. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema kwamba kila mbunge alilazimika kusimama kwa miguu yake mwenyewe, na juu yake wakasimama wananchi.

Lakini dawa hii ina uchungu wake, nami nisingekuwa mkweli nikiuficha. Wataalamu Wright na Schaffner, katika utafiti wao wa mwaka 2002, waliilinganisha Nebraska na jirani yake Kansas, ambako wabunge huchaguliwa kwa vyama. Kansas kura za wabunge zilifuata vyama. Nebraska zilitawanyika, isiwe rahisi kuona mpango wowote. Ni uhuru huo, lakini pia ni tabu kwa raia, maana hajui amshike nani kwa lipi. Imeonekana pia kwamba jina la chama likiondolewa, wapiga kura wengine huruka sehemu hiyo ya karatasi, na wengine huchagua jina walilolizoea, yaani yule aliyekwisha kukaa kitini. Kwa mtu mwenye shughuli nyingi, jina la chama humwambia walau mgombea anasimama wapi. Likiondolewa, kazi yote humwangukia mpiga kura.

Na hapa ndipo ninapopataka. Juu ya mlango wa jengo lile la Lincoln yamechongwa maneno yasemayo kwamba wokovu wa dola uko katika kukesha kwa raia. Nilisimama chini ya maneno yale katika baridi kali, nikaikumbuka ile baiskeli. Nilipokuwa napiga debe, lile neno "wa kwetu" lilikuwa limenipa likizo ya kufikiri.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Si kazi yangu kuishauri nchi iwe na vyama au isiwe navyo. Hilo lilikwisha kuamuliwa mwaka 1992, nami nawatumikia wananchi wote sawasawa. Lakini nimekaa katika vikao vingi, nikaona hoja ya kisima inaletwa mezani, na mjumbe, kabla ya kuuliza maji yapo urefu gani, ananiinamia na kuninong'oneza: "Hoja hii ni ya nani?" Akishajibiwa, haulizi tena. Kisima kile hakijachimbwa hadi leo, na akina mama bado wanatembea na ndoo.

Vijana, Mkuu wa Shule amenieleza kwamba mwezi ujao mtachagua serikali ya wanafunzi, na kwamba mwaka jana kura zenu zilikwenda bweni kwa bweni hadi watu wakarushiana maneno bwaloni. Lipo pendekezo la kufuta jina la bweni kwenye karatasi za kura. Nimeulizwa maoni yangu, na ninaliunga mkono. Lakini msidanganyike kwamba wino ukifutwa kazi imekwisha. Mabweni mtaendelea kuyajua, na kwa karatasi tupu mtu mvivu atachagua jina refu au sura anayoifahamu. Kwa hiyo fanyeni na lile la pili ambalo Nebraska hulifanya: kila mgombea akae mbele yenu hadharani, na hata kijana wa Kidato cha Kwanza apewe nafasi ya kumwuliza. Mwulizeni amefanya nini hapa shuleni wakati hakuna aliyemtazama. Mwulizeni usiku mtu akiugua, ufunguo utakuwa wapi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami naongeza kwamba hata chema hakiuziki kwa mnunuzi aliyefumba macho.

Yule tuliyemshinda yumo ukumbini humu leo, katika safu za nyuma, mahali anapopapenda siku zote. Sitamtaja, kwa kuwa hatapenda. Lakini ndugu yangu, kwa kuwa usiku ule sikusema neno, naomba nilisema sasa mbele ya hadhara hii: kura yangu ilikuwa yako, nami nilimpa mwingine.