Funza Si Aibu, Aibu Ni Kumcheka Mwenye Funza

(Hotuba ya Katibu Mwenezi katika mkutano wa wanachama wa tawi)



Leo nimekuja kusema habari ya miguu. Najua baadhi yenu mtacheka. Lakini ni nani aliyefika mkutanoni hapa bila ya miguu? Chama chetu hakina magari mengi. Kadi zetu hupelekwa vijijini kwa miguu.

Wazee walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wetu ni funza.

Mdudu huyu si wa asili yetu. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 alifika Angola kwa meli iliyotoka Brazil, na kabla karne ile haijaisha alikwisha kuvuka bara zima hadi pwani yetu. Basi mtu asiseme kwamba funza ni laana ya ukoo au uchawi. Ni kiroboto tu. Jike huingia ndani ya ngozi, hunywa damu, huvimba kama punje ya mbaazi, kisha hutaga mayai yakaanguka chini. Vumbi kavu la sakafuni huyalea, na baada ya majuma machache viroboto wapya wametokea. Ukimtoa funza mguuni ukaliacha vumbi nyumbani, umefanya nusu ya kazi.

Nina deni la kulipa mbele yenu. Nilipokuwa nikisomea ualimu, nilipelekwa kufanya mazoezi katika shule ya kijiji. Mtoto mmoja alikuwa akichechemea, vidole vimejaa funza. Nikamwamuru akae nyuma peke yake. Wenzake wakacheka. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa, mpaka nikaondoka hakurudi. Mimi niliyekuwa nikijifunza kuufukuza ujinga, nilimfukuza mtoto.

Yatupasa kufanya haya:

Kwanza, tuoshe miguu kwa sabuni kila siku, na tukaushe katikati ya vidole, maana unyevu huleta fangasi. Mwenye magaga apake mafuta, kwa kuwa ufa wa kisigino ni mlango wa vijidudu.

Pili, sakafu ya udongo inyunyizwe maji, ifagiliwe na kusiribwa. Mwenye uwezo atie saruji. Viatu vivaliwe, na watoto wasisahauliwe.

Tatu, pini moja isichokoe miguu ya watu wawili. Yaweza kuambukiza homa ya ini na UKIMWI. Kidonda cha funza chaweza pia kuingiza pepopunda, basi tuulize zahanati habari za chanjo. Yako na mafuta ya dimetikoni, ambayo humwua funza pasipo kuchokoa.

Nne, mwenye kisukari aitazame miguu yake kila jioni. Ganzi humficha maumivu, na kidonda kidogo chaweza kumpotezea mguu.

Ndugu zangu, twasema kila siku kwamba adui zetu ni ujinga, umaskini na maradhi. Funza huwakusanya wote watatu katika kidole kimoja. Naomba Jumamosi ijayo tawi hili litoke na ndoo, sabuni na mifagio. Tuanze kwa wazee wanaoishi peke yao, wasioweza kuinama kuifikia miguu yao. Siku hiyo pasiwe na hotuba. Tuiname sisi, tuwaoshe.

Nami nitakuwa wa kwanza kuinama.