Mizani Mbele ya Macho: Ushirika, Teknolojia na Mkulima wa Pamba wa Simiyu

Katika semina za viongozi wa vyama vya ushirika Kanda ya Ziwa, kauli moja haikosekani. Huja mapema, mara nyingi kabla ya chai ya saa nne: kikwazo kikubwa cha mageuzi ya kidijitali ni fikra za watu. Mkulima anaogopa mabadiliko, karani wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) kazoea daftari lake, wajumbe wa bodi umri umewatupa mkono. Kwa hiyo kazi ya kiongozi ni kubadilisha fikra, na mfumo ukikwama, wa kulaumiwa anajulikana tangu mwanzo. Mhadhara huu umeandaliwa kuipinga kauli hiyo, na umechagua kuipingia Lamadi.

Lamadi panafaa. Ni mji wa njia panda: hapa barabara kuu ya Mwanza na Musoma inatoa tawi la lami la kwenda Bariadi. Upande mmoja kuna ziwa, na mwendo mfupi kuelekea Musoma kuna lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Hadi mwaka 2012 mji huu ulihesabiwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Simiyu ilipozaliwa, ukaangukia Wilaya mpya ya Busega. Mchuuzi wa dagaa hapa hupokea hela za mzigo kwa simu kabla gari halijawashwa. Bodaboda hana chenji, ana namba. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na hakuna mkazi wa Lamadi aliyeitwa ukumbini kubadilishwa fikra ndipo aikubali. Mtu huyohuyo anayeambiwa mkutanoni kwamba anaogopa teknolojia, jioni anamtumia mwanawe ada ya shule kwa kubonyeza vitufe gizani.

Kauli ya fikra, hata hivyo, ina heshima ya kitabuni, na haifai kuondolewa kwa mifano ya stendi peke yake. Wenye kuitetea huja na takwimu: asilimia 70 ya juhudi zote za mageuzi katika mashirika hushindwa, na sababu kuu ni watu kupinga mabadiliko. Takwimu hiyo imo katika mada za washauri kuanzia Nairobi hadi London. Ilitoka wapi? Ukiifuata nyuma unafika mwaka 1993, kwenye kitabu cha Michael Hammer na James Champy kuhusu kuyafumua upya makampuni. Wawili hao walikadiria kuwa kati ya asilimia 50 na 70 ya makampuni yaliyojaribu njia yao hayakupata yalichokitarajia, na wakasema wazi kuwa makadirio yao si ya kisayansi. Wasomaji wakaiacha tahadhari, wakaondoka na namba kubwa. Mwaka 2011 Mark Hughes, mtafiti wa Uingereza, aliipekua takwimu hiyo katika maandishi matano yaliyokuwa yakiinukuu, akakuta hakuna hata moja lenye ushahidi wa kuibeba. Bado inasomwa semina hadi semina, na wasikilizaji huinakili.

Dhana yenyewe ya kupinga mabadiliko nayo ina asili ya kushangaza. Moja ya tafiti zake za mwanzo ilichapishwa mwaka 1948 na Lester Coch na John French, waliofanya majaribio katika kiwanda cha kushona pajama cha Harwood, mjini Marion, Virginia. Wafanyakazi waliotangaziwa tu kuwa utaratibu wa kazi unabadilika walishusha uzalishaji, wakagombana na wasimamizi, na asilimia 17 wakaacha kazi ndani ya siku 40. Waliokaa na wasimamizi wakaupanga pamoja utaratibu mpya walirudi haraka kwenye kasi ya zamani, kisha wakaipita. Kiwanda kimoja, kazi moja, mabadiliko yaleyale. Utafiti unaotajwa kuwa chimbuko la lawama dhidi ya wafanyakazi uliwahukumu wasimamizi.

Na mwaka 1999 Eric Dent na Susan Goldberg walilimaliza jambo hilo, au wangelimaliza kama wangesomwa. Watu, walisema, hawapingi mabadiliko kama mabadiliko. Wanapinga kupoteza kipato, hadhi au starehe. Ukimwita anayepoteza kipato kuwa ni mwoga, hutapata nafasi ya kumuuliza anapoteza kiasi gani.

Historia ya sheria za ushirika, tangu ile ya mwaka 1932 hadi ya mwaka 2013 iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, wasomaji wa fani hii wanaijua. Kisichosomwa vya kutosha ni kitabu kimoja ambacho mwandishi wa mhadhara huu amekuwa akikikimbilia tangu akiwa mwanafunzi, hadi wenzake ofisini wanamtania nacho. Ni kitabu cha Mmarekani Andrew Maguire kuhusu safari ya Usukuma kuelekea Uhuru, kilichochapishwa Cambridge mwaka 1969. Kinahesabiwa kuwa kitabu cha siasa. Kingepaswa kuwa kitabu cha kwanza cha kila anayetaka kuongoza taasisi kuingia kwenye mfumo mpya.

Uzuri wake ni kwamba kinasimulia mageuzi mawili katika nchi ileile na miaka ileile. La kwanza ni Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940 na makao yake Malya. Serikali ya kikoloni ilileta wataalamu, fedha na ramani. Ikaleta pia amri: namna ya kupiga matuta, idadi ya ng'ombe wa kuswagwa mnadani, kodi ya mifugo. Nyingi zilikuwa na hoja ya kitaalamu nyuma yake, kwani mmomonyoko wa udongo ulikuwepo kweli. Wakulima walizikataa. Walikwepa, wakatozwa faini, wakafungwa, na kufikia mwaka 1958 maelfu walikuwa wakiandamana Geita na Mwanza. Chama cha TANU, kilichokuwa kimezuiwa kufanya kazi jimboni tangu mwaka 1954, kikaruhusiwa mwaka huo wa 1958. Amri za kilimo zikafa. Maofisa waliandika ripoti zilizojaa maneno ambayo hadi leo yanasikika ukumbini: ushamba, mazoea, uzito wa kubadilika.

La pili lilianzia kwenye mizani. Wakulima wa pamba walikuwa wakiwauzia wanunuzi binafsi, na malalamiko yao makubwa, hata kuliko bei, yalikuwa kupunjwa uzito. Jawabu lao halikuwa kuvunja mizani. Waliweka wapimaji wao wenyewe, vijana waliojua kusoma namba, wakawasimamisha vituoni wakague kipimo cha mnunuzi. Kutokana na vuguvugu hilo Paul Bomani na wenzake waliunda chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa, kisha vyama vya msingi, na mwaka 1955 shirikisho la vyama hivyo, VFCU. Kufikia Uhuru, ununuzi wa pamba ya Usukuma ulikuwa karibu wote mikononi mwa ushirika, shirikisho likiwa na viwanda vyake vya kuchambua pamba. Mkulima ambaye hajawahi kuuza kwa stakabadhi, ambaye hajawahi kusikia mizania ya mwaka wala mkaguzi wa hesabu, alijiunga kwa hiari na mojawapo ya taasisi kubwa za ushirika barani Afrika.

Wakulima walewale, miaka ileile. Mwenye nadharia ya fikra aeleze ilikuwaje watu hao wawe wazito wa kubadilika mashambani na wepesi wa kubadilika kituoni. Maguire hana shida ya kulieleza, maana kila ukurasa wake unajibu: la kwanza mkulima hakuwa na njia ya kulihakiki, la pili aliliona kwa macho yake, kilo kwa kilo.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili wa simulizi. Ushirika huo huo ulipokua, mizani ilirudi nyuma ya pazia. Tume Maalumu ya Rais ya mwaka 1966 ilikuta vyama nchini vimejaa wizi, upendeleo na usimamizi mbovu, na wakulima walikuwa wakilalamika kwamba sasa wanaopunja ni makatibu wa chama chao. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Mtu anaweza kusema hiyo ni hoja dhidi ya ushirika. Kwa mwandishi huyu ni hoja ileile ya wapimaji: uhakiki ulipotoka mikononi mwa mwanachama, jina la chama halikumsaidia.

Sasa turudi kwenye pamba ya leo. Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa zao hilo, na msimu hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei. Mkulima hufika kwenye ghala la AMCOS na mafurushi yake, karani huitenganisha pamba safi na pamba fifi, hupima, huandika, hukata mkopo wa pembejeo. Mizani ya rula imekuwa ikiondolewa, ya kidijitali inaingia. Ni hatua nzuri. Kwenye rula karani alisukuma jiwe, akasoma kwa jicho lake, na gramu zilizozidi kilo zikatoweka. Gramu 600 kwa bei ya shilingi 1,200 ni shilingi 720 kwa kila furushi, na mafurushi ni mengi. Isisahaulike kwamba wakulima nao wamekuwa wakitia maji na mchanga kwenye pamba. Mahali ambapo kila upande unaiba, hakuna malaika wa kumtetea.

Lakini mizani ya kidijitali ina kitufe cha kurudisha sifuri, na mara nyingi ina kioo kimoja, nacho kinamtazama karani.

Msimu mmoja mwandishi wa mhadhara huu alikuwa amekaa kwenye benchi la ghala fulani si mbali na Lamadi, mizani mpya ikianza kazi. Mzee mmoja akafika na baiskeli. Nyuma hakufunga pamba. Alifunga mfuko wa saruji wa kilo 50, haujafunguliwa, kautoa dukani kwa ahadi ya kuurudisha. Akataka upimwe kwanza. Karani akanuna, mwenyekiti akacheka, foleni ikashangilia. Kioo kikasoma kilo 50 na pointi kidogo. Mzee akainama akakisoma mwenyewe, akageuka, akamwambia mjukuu wake akalete pamba. Waliofuata nao wakautaka mfuko. Mwishowe chama kililinunulia duka mfuko mwingine, na ule wa kwanza ukabaki chini ya meza hadi saruji ikaganda, ukiendelea kupimwa kila asubuhi kabla ya furushi la kwanza. Hakuna aliyeendesha mafunzo ya fikra ghalani hapo. Lawama juu ya mizani mpya zilikwisha.

Mtaalamu wa vipimo atasema saruji si kipimo halali. Mhuri wa Wakala wa Vipimo ndio halali. Ni kweli. Ofisa wa wakala hupita mara moja kwa mwaka, pamba hupimwa kila siku.

Yanayotokea pale uhakiki unapokosekana hayahitaji kutafutwa Afrika. Kuanzia mwaka 1999 Posta ya Uingereza iliwafungia wakuu wa matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wenye matawi walipobisha, waliambiwa kompyuta haikosei, na sheria ya ushahidi ya huko ilichukulia hivyohivyo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kati ya mwaka 1999 na 2015 kwa wizi na udanganyifu. Alan Bates na wenzake walishtaki wakiwa 555, na Desemba 2019 mahakama ikasema mfumo ulikuwa na kasoro na kwamba hesabu za tawi ziliweza kubadilishwa kwa mbali bila mwenye tawi kujua. Mei 2024 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufuta hatia hizo. Watu wale walikuwa na elimu, umeme na mawakili. Mkulima wa Busega anayeuliza namba imetoka wapi anauliza swali ambalo Posta ya Uingereza ilichelewa miaka 20 kulijibu.

Malipo kwa njia ya benki na simu nayo yana hadithi ya aina hiyo. Mwaka 2019 bei ya pamba ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wakakaa muda mrefu wakidai. Mwaka 2021, kuanzia tarehe 15 Julai, ikaja tozo ya miamala ya simu, ambayo serikali ilibidi iipunguze wiki chache baadaye. Aliyepita katika mambo hayo mawili akisema anataka taslimu mkononi, ana hesabu kichwani. Minada ya mtandaoni ya dengu na choroko kupitia Soko la Bidhaa inaonyesha sura zote mbili: bei kufunguliwa hadharani mbele ya wenye mazao ni jambo ambalo wakulima hulipenda, kusubiri fedha wakati mchuuzi wa barabarani analipa papo hapo ndilo wanalolichukia. Kiongozi anayesikia chuki ya pili akaandika "wanapinga mfumo" amekosea ugonjwa.

Wapo, bila shaka, wanaoogopa mashine kwa sababu ni mashine. Yupo bibi asiyesoma namba za kioo, na huyo asaidiwe na mtu anayemwamini yeye, kama wale vijana wa miaka ya 1950. Wapo pia makarani wanaoharibu betri kwa makusudi. Hao hawaogopi chochote. Wanajua vizuri sana mizani mpya itawanyima nini.

Vyama vya msingi vya Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu vina muda kabla ya msimu ujao kufunguliwa. Bodi zikae na wanachama zipitishe mambo machache kwenye mkutano mkuu: mizani isinunuliwe bila kioo cha pili kinachomtazama mkulima, uzito usomwe kwa sauti kabla ya kuandikwa, stakabadhi itoke papo hapo ikiwa na kilo, bei, makato na kinachobaki, na kila asubuhi kitu chenye uzito unaojulikana kipandishwe mizani mbele ya watu. Fedha zilizotengwa kwa semina ya kubadilisha fikra zinatosha kununulia vioo hivyo.