Kabla ya Kugawa Mbegu, Tusikilize Ndege

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi wa tisa, Kamina. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)



Komite iliniomba niseme juu ya ugawaji wa mbegu wa mwaka huu. Nitasema. Lakini nitaanza na ndege, na ninaomba mnivumilie mpaka mwisho.

Mwaka jana, siku za mwisho za mwezi wa tisa, mvua mbili zilinyesha hapa. Ya pili ilikuwa kubwa, mnakumbuka, ilibeba hata mchanga wa barabara. Sisi wa shirika tulifurahi. Mbegu za muhindi zilikuwa katika depo, karatasi zimekwisha kuwekwa sahihi, na kalenda ya mradi ilisema kugawa kuishe tarehe 30. Mimi ndiye niliyesema: tugawe, watu wapande. Wengi wenu mlinisikiliza, sababu nilikuja na gari, na karatasi, na diploma yangu ya chuo kikuu.

Mama mmoja, mwanachama wetu wa kule ng'ambo ya reli, alipokea mbegu zake, akazifunga katika kitambaa, akaziweka. Nilipomwuliza kwa nini hapandi, alinijibu: "Mwanangu, ile ndege ya mvua haijalia." Nilicheka. Kisha nikaandika katika ripoti kwamba kuna wanachama wanaochelewa kupanda juu ya imani za zamani. Maneno hayo ni yangu, yako pale na sahihi yangu.

Baada ya hapo jua liliwaka karibu wiki tatu. Muhindi ulichipuka, ukapinda, ukakauka. Waliokuwa wamepanda mbegu zote walikwenda kukopa, na mnajua ninyi wenyewe deni la mbegu linalipwa namna gani wakati wa mavuno. Yule mama alipanda katikati ya mwezi wa kumi. Alivuna. Na mbegu kidogo aliyobaki nayo aliwagawia majirani wawili.

Nilirudi kwake kuomba msamaha. Hakutaka maneno mengi. Nilimwomba tu anionyeshe ile ndege.

Wengi hapa mnaijua kwa masikio. Sauti tatu, kila moja chini ya ile ya mbele, kama mtu anayeteremka ngazi. Kisha inarudia, inarudia, tangu alfajiri, mara nyingine hata usiku. Kuiona ni kazi, sababu inajificha juu kabisa katika majani. Mgongo wake ni wa kijivu, kifua ni chekundu kama kutu, tumbo lina mistari. Haijengi kiota. Inatia yai lake katika kiota cha ndege mwingine mdogo, na yule maskini anamlea mtoto asiye wake. Chakula chake kikubwa ni viwavi, hata wale wenye manyoya ambao ndege wengine wanawaogopa.

Wataalamu wanasema ndege huyu anasafiri ndani ya Afrika. Wakati wa kiangazi anaondoka, wakati wa mvua anarudi kuzaa. Lakini mama alinikataza kumfanya mchawi. Alisema: "Ndege haileti mvua. Inafuata chakula yake." Na tena alisema yeye haangalii ndege peke yake. Anaangalia upepo, majani mapya ya porini, wadudu chini, na udongo: anachimba kwa jembe aone maji yameshuka mpaka wapi. Ndege ni shahidi mmoja kati ya mashahidi wengi. Mimi nilikuwa na shahidi mmoja tu, kalenda ya mradi, na ile kalenda iliandikwa ofisini mbali na shamba.

Sasa mtaniuliza: hii ina uhusiano gani na sisi tuliorudi?

Uhusiano ni huu. Wengi kati yenu mlikimbia vita, wengine upande wa Mitwaba, wengine upande wa Malemba-Nkulu na maziwa. Mlikaa miaka mahali pengine. Watoto walizaliwa kule, wakakua wakila unga wa kupewa. Mliporudi tuliwahesabu: nyumba ngapi zimeungua, majembe mangapi yanahitajika, vyungu vingapi. Hakuna fomu iliyowauliza: nani kati yenu bado anajua alama za mvua za mahali hapa? Baba mmoja wa kule ziwani aliniambia kwamba siku ya kurudi walifika usiku. Nyumba hakuiona, sababu haikuwako tena. Alijua amefika aliposikia asubuhi sauti ya tai wa samaki juu ya maji. Mtoto wake wa miaka kumi na mbili alimwuliza: "Baba, nani analia?"

Ule ujuzi hatukuuandika, na wazee wanaoubeba wanapungua kila mwaka.

Kuna watu walioandika ya kwao, na ningependa mjue habari yao. Uingereza, katika jimbo la Norfolk, alikuwako bwana mmoja mwenye shamba, jina lake Robert Marsham. Mwaka 1736 alianza kuandika katika daftari alama ambazo kila mwaka zilimwonyesha kwamba baridi inakwisha: siku mbayuwayu wa kwanza anapofika, siku kuku-ndege wao wa sauti mbili anapolia, siku chura wanapoanza kuimba, siku mti fulani unapotoa majani. Alama 27. Alipokufa, watoto wake na wajukuu waliendelea. Daftari ile ilifuatwa na ukoo mmoja mpaka mwaka 1958. Ni zaidi ya miaka 200! Leo watu wa sayansi wanaposema kwamba majira yamebadilika, moja ya ushahidi wanaouonyesha ni daftari ya ukoo huo. Hawakuwa na mashine. Walikuwa na tarehe, na walikuwa na mazoea ya kutokuacha.

Na wale ndege wao, wamama na wababa, ni ndege wetu pia. Yule wa sauti mbili, ambaye kule Uingereza watu wanamngoja mwezi wa nne kwa furaha kubwa, tangu mwaka 2011 shirika lao la kuchunguza ndege, BTO, linawafunga wengine vyombo vidogo vinavyosema na satelaiti. Vikaonyesha kwamba wanavuka Sahara na kupitisha miezi ya baridi katika misitu ya Bonde la Kongo. Huku kwetu hawapigi ile sauti yao. Wanakula na kunyamaza. Na mbayuwayu: mwezi wa tano 1911, bwana John Masefield wa Staffordshire alimfunga mmoja pete ndogo yenye namba mguuni. Mwezi wa kumi na mbili 1912 mbayuwayu yule alipatikana Natal, Afrika Kusini. Ndivyo ilivyojulikana mbayuwayu wa Uingereza wanafika wapi. Mnyama wa gramu kama 20, pasipo karatasi ya njia wala kituo cha ukaguzi.

Lakini hapa tuwe waangalifu, sababu ndipo mimi mwenyewe nilipokosea mara ya pili. Baada ya somo la mama, nilikimbilia mbayuwayu. Nilisema, vizuri, wakitokea juu ya nyaya pale garini, basi mvua imefika. Hapana. Mbayuwayu wa Ulaya anaondoka kule kwa sababu za kule: siku zinafupika, wadudu wanapungua. Hajui kama Kamina imenyesha ao bado. Anatuambia mwezi, hatuambii mvua. Yule wa sauti tatu anaishi na mvua zetu, ndiyo maana neno lake liko karibu zaidi na shamba. Ndege wawili, kila mmoja na kazi yake.

Tena kuna kuwachanganya. Mwaka jana tulijaribu daftari katika vikundi vitatu. Kikundi kimoja kiliandika "mbayuwayu" mwezi wa saba, katikati ya kiangazi! Tulikwenda kuangalia. Walikuwa wale wenye mistari kifuani, wanaojenga kwa udongo chini ya paa, nyumba yenye mlango kama shingo ya chupa. Wale ni wa hapa hapa. Yule wa Ulaya ana koo jekundu, mkanda mweusi kifuani, tumbo jeupe, na hajengi kwetu hata kidogo. Yuko na wa tatu, wa hapa pia, mwenye koo jekundu vilevile, lakini tumbo lake ni la kijivu chenye udongo, na anajenga kwenye nyumba zetu. Kwa hiyo katika daftari kuna nafasi ya kuandika "nafikiri". Neno hilo si aibu. Mimi kama ningeandika "nafikiri" katika ripoti yangu ya mwaka jana, watu wasingepoteza mbegu.

Wengine mtasema kazi hii ni ya wazungu. Ni kweli, waliifanya hapa. Mbuga ya Upemba iliwekwa mwaka 1939. Kati ya 1946 na 1949 bwana de Witte aliongoza msafara uliokusanya wanyama na ndege wa Upemba, na vitabu vilichapwa Ubelgiji kwa Kifaransa. Kuna hata ndege mdogo wa majani marefu ya Lualaba na ziwa Upemba, anayeitwa kwa Kilatini Estrilda nigriloris, ambaye mtaalamu Chapin alimpa jina mwaka 1928. Ameonekana sehemu hizi zetu tu, na baada ya 1950 ilipita miaka mingi bila mtaalamu yeyote kuandika kwamba amemwona. Wavuvi wetu wanapita katika majani yale kila siku. Macho tunayo. Tunachokosa ni daftari, na mtu wa kuuliza.

Basi komite na mimi tunaleta mambo manne mbele yenu.

La kwanza. Kila kikundi kitapata daftari moja na kalamu mbili. Atachaguliwa mzee mmoja na kijana mmoja. Mzee anasema, kijana anaandika. Kijana asiachwe peke yake, na mzee asibaki na ujuzi kichwani tu.

La pili. Tutaandika mambo matano: tarehe, mahali, ndege gani ameonekana ao amesikika, mvua imenyesha ao hapana na maji yameshuka kiasi gani katika udongo, na nani aliyeona. Majina ya ndege tutayaandika kwa Kiluba, namna kila kijiji kinavyoita. Kama vijiji viwili vina majina mawili, tutaandika yote mawili. Mahali pa viota hatutaandika, ili daftari isiwe ramani ya mtegaji.

La tatu. Mbegu za mwaka huu hatutazigawa zote siku moja. Nusu itatoka komite ikisema mvua imeshika, baada ya kusikiliza radio na habari za Mettelsat, kuangalia udongo, na kusoma madaftari. Nusu nyingine itabaki depo mpaka tuone ya kwanza imesimama. Mvua ikitudanganya tena, hatutabaki mikono mitupu.

La nne ni kwenu, ndugu wafadhili. Ripoti yetu itachelewa. Pale penye "tarehe ya kugawa" mtaona tarehe mbili, na labda ya pili itakuwa ndani ya mwezi wa kumi na moja. Msituhesabie hilo kama uvivu. Mwaka jana tuligawa kwa wakati, ripoti ilikuwa safi, na mbegu zilikauka shambani. Gharama ya kungoja ni ulinzi wa depo kwa wiki chache zaidi, na madaftari.

Siwaahidi kwamba ndege watatuokoa. Mwaka mmoja wa daftari haufundishi kitu kikubwa. Hata mitano ni kidogo. Majira yanabadilika, na inawezekana alama za wazee nazo zinasogea. Kama zinasogea, tutajuaje, ikiwa hatukuandika zilikuwa wapi?

Jana jioni nilipita ng'ambo ya reli. Mama yuko salama, anawasalimia. Shamba lake limelimwa, liko tayari. Nilimwuliza habari za ndege. Alisema bado. Mbegu zake za mwaka jana ziko palepale katika kitambaa. Mwaka huu mimi pia nangoja.