Nyota Kwenye Sakafu ya Sinagogi

Ninyi mliovuka mpaka usiku kucha kwa basi, karibuni sana, mmetutia moyo.

Leo nataka tuongee habari za nyota. Najua wengine mmeshtuka. Subirini kidogo.

Mwaka 1928, chini ya milima ya Gilboa, pale Sauli alipofia, wakulima wa Kiyahudi walikuwa wanachimba mfereji wa maji. Wakakuta sakafu ya vijiwe vya rangi. Ilikuwa sinagogi ya karne ya 6, mahali panapoitwa Beth Alpha. Katikati ya sakafu ile limechorwa jua kama mtu juu ya gari la farasi wanne, limezungukwa na zile alama 12 za nyota: Simba, Mizani, Nge, Samaki na wenzao, kila moja na jina lake kwa Kiebrania. Ndani ya nyumba ya ibada, wapendwa!

Walikuwa wameasi? Mimi sioni hivyo. Watu wa kale walihesabu kwa kutazama juu. Taa zinazotembea mbinguni, zile za kuonekana kwa macho, ni saba: Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Mwezi nao huandama mara 12 hivi kwa mwaka. Yosefo, mwandishi Myahudi wa karne ya kwanza, alisema wazi kwamba taa saba za kinara cha Hekalu ziliashiria sayari saba, na mikate 12 ya wonyesho iliashiria mzunguko wa nyota na mwaka. Kwake Hekalu lilikuwa picha ya uumbaji wote. Hata Ayubu sura ya 38 inataja Kilimia, na bibi zetu waliijua Kilimia kwa sababu ya kulima, wala si kwa ramli.

Sasa sikilizeni hili. Kwenye pembe za mchoro ule wa Beth Alpha kuna wanawake wanne, ndiyo majira manne ya mwaka. Lakini majira hayakukaa sawa na nyota zake! Mpiga ramli angeitumiaje? Ni kalenda ya kumshukuru Mungu, tena imetandikwa chini, watu wanaikanyaga.

Nasema haya kwa sababu kuna dada zetu wameuza mbuzi, wameuza hata cherehani, baada ya kuambiwa, "Nyota yako imeibiwa, lete hela tuisafishe." Wengine wameambiwa na waganga. Wengine, naomba mnivumilie, wameambiwa madhabahuni. Ndugu yangu, nyota gani hiyo? Mwanzo 1 inasema mianga iliwekwa kwa majira na siku na miaka. Hakuna mahali imeandikwa kwamba kila mtu alipewa yake, ikaweza kuibiwa na jirani.

Aliyeingia sinagogi ile alipita kwanza picha ya Ibrahimu na Isaka, akakanyaga jua na nyota zote 12, ndipo akafika kwenye picha ya sanduku takatifu.

Haya, tufungue Kumbukumbu la Torati 4:19. Mwenye Biblia ya Kirundi au Kiganda asome kwa sauti, sisi tutafuata.